Kilichomo Mfukoni: Historia ya Vitu Tunavyochukua na Hukumu Zake

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad:

Hakuna imamu ambaye hajaulizwa maswali haya baada ya swala. Mmoja huuliza: "Sheikh, nimeswali na noti yenye picha ya mtu mfukoni, je, nirudie?" Mwingine huuliza juu ya simu yenye Qur'ani ndani yake, kama aingie nayo chooni au aiache nje iibwe. Wa tatu ameokota pochi njiani, ina fedha na haina kitambulisho, anataka kujua kama ni riziki yake. Na wapo wanaojibu maswali haya kwa haraka, wengine wakiharamisha kila kitu, wengine wakicheka na kusema kuwa hayo ni mambo madogo.

Ukweli ni kwamba maswali haya si mapya wala si madogo. Waislamu wamechukua vitu mwilini mwao tangu zama za Mtume (S.A.W.), na mafuqaha wamevizungumzia kimoja kimoja: pete, mswaki, dinari, mfuko wa fedha uliopotea, hata mwizi anayekata mfuko sokoni. Anayeijua historia hiyo hababaiki anapoulizwa. Makala haya yanakusudia kuieleza kwa muhtasari, ili wanafunzi wetu waone namna waliotutangulia walivyokusanya mambo mawili pamoja: kulitukuza jina la Allah, na kutowatia waja Wake katika dhiki.

MAHALI PA KUCHUKULIA VITU

Neno la Kiarabu linalotumika leo kwa mfuko wa nguo ni jaib. Katika Qur'ani Tukufu neno hili halina maana hiyo. Katika Surat An-Nur aya ya 31 wanawake waumini wameamrishwa kuangusha shungi zao juu ya vifua vyao, na neno lililotumika ni juyub, yaani mipasuko ya nguo kifuani. Nabii Musa (A.S.) naye aliamrishwa kuingiza mkono wake katika jaib yake, kama ilivyo katika Surat An-Naml aya ya 12 na Al-Qasas aya ya 32. Mwanafunzi anayefasiri aya hizi kwa maana ya mfuko wa kanzu yake atakuwa amekosea, kwani neno lilihama kutoka kwenye uwazi wa kifuani hadi kwenye mfuko baada ya karne nyingi.

Basi watu wa zama hizo walichukulia wapi vitu vyao? Fedha walizifunga katika kitambaa au kifuko kiitwacho surra. Msafiri alivaa mkanda wa kuwekea fedha kiunoni uitwao himyan, na mafuqaha walilazimika kueleza kama aliyehirimia Hija anaruhusiwa kuuvaa, kwa kuwa amekatazwa nguo iliyoshonwa. Imam Bukhari ametaja kauli ya Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni mkubwa wa Makka, kuwa mwenye ihramu huvaa pete na hufunga himyan. Mahujaji wetu wanaofunga mikanda ya fedha juu ya ihramu zao leo wanategemea fat'wa hiyo, wajue wasijue.

Wengine walitumia mikono ya kanzu, ambayo ilikuwa mipana. Imepokewa kuwa Imam Abu Daud, mwenye Sunan, aliyefariki mwaka 275 Hijria (889), alikuwa na kanzu yenye mkono mmoja mpana na mwingine mwembamba. Alipoulizwa, alijibu kuwa ule mpana ni wa kuwekea vitabu, na huu mwingine hauna haja. Tazama himma ya mtu huyu: nguo yake ilishonwa kwa kipimo cha elimu yake.

Na wapo ambao hawakuhitaji hata mkono wa kanzu. Sahaba Zaid bin Khalid Al-Juhani (R.A.), aliyepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya mswaki, alikuwa akihudhuria swala msikitini na mswaki wake ukiwa sikioni, pale karani anapoweka kalamu yake.

Kwetu Pwani wazee walikuwa na kibindo, yaani pindo la shuka lililokunjwa kiunoni. Ndiyo maana mpaka leo tunasema fedha ya mtu ni ile iliyo kibindoni, ingawa shuka zimeingia suruali na kibindo kimeingia pochi.

PETE YA MTUME (S.A.W.)

Kitu cha kwanza chenye jina la Allah ambacho historia yetu inakijua kuwa kilichukuliwa mwilini kila siku ni pete ya Mtume (S.A.W.). Amepokea Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Ndipo akafanyiwa pete ya fedha, ikachorwa mistari mitatu: jina lake mstari mmoja, neno Rasul mstari wa pili, na Lafdhi ya Allah mstari wa tatu. Pete hii haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha dola na cha da'awa.

Baada yake ilivaliwa na Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.). Siku moja Uthman akiwa amekaa kwenye kisima cha Aris, karibu na Quba, pete ikaanguka kisimani. Waliitafuta siku tatu, wakayateka maji yote, wasiipate.

Kutokana na pete hii mafuqaha walijadili suala la kuingia chooni na kitu chenye jina la Allah. Ipo hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiivua pete yake anapokwenda haja. Imam Abu Daud mwenyewe aliyeipokea ameitaja kuwa ni munkar, na Imam Tirmidhi akaikubali. Pamoja na hitilafu hiyo ya isnadi, mafuqaha waliichukua adabu iliyomo. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa Kishafi wa Pwani yetu wamekisoma kizazi baada ya kizazi, ameweka miongoni mwa adabu za chooni kutochukua kitu chenye kumtaja Allah. Hii katika madhehebu yetu ni karaha, si haramu. Na Imam Ahmad alieleza kuwa mwenye pete yenye jina la Allah ageuze kito chake upande wa kiganja. Alipoulizwa juu ya mtu anayeingia na dirhamu, akajibu kwa matumaini kuwa hapana ubaya. Sababu yake iko wazi: pete huvuliwa kwa wepesi, ama fedha ukiiacha nje hutaikuta.

DINARI NA DIRHAMU

Mtume (S.A.W.) alipotumilizwa, Waarabu wa Hijazi hawakuwa na sarafu yao wenyewe. Walitumia dinari za dhahabu za Warumi wa Konstantinopoli na dirhamu za fedha za Wafursi. Dinari ya Kirumi ilikuwa na sura ya mfalme na alama ya msalaba. Dirhamu ya Kifursi ilikuwa na sura ya Kisra upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili. Hizo ndizo walizokuwa nazo Masahaba, wakanunua na kuuza kwazo na wakazitolea zaka. Haikupokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaamuru kuziweka kando wanapotaka kuswali.

Na huyu ni Mtume yule yule aliyeliondoa pazia lenye picha nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.), ambalo baadaye likakatwa likafanywa mito. Kwa hiyo wanazuoni wakafahamu kuwa picha iliyotundikwa mahali pa heshima haiko sawa na picha iliyo katika kitu cha kutumika na kudunishwa, ambacho mtu hana hiari nacho.

Wakati wa Makhalifa Waongofu dirhamu za aina ya Kifursi zilianza kuongezwa maneno ya Kiarabu pembeni, kama Bismillah, huku sura ya mfalme ikibaki. Hata Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, kati ya mwaka 74 na 77 Hijria, alitoa dinari zenye sura ya khalifa aliyesimama. Kisha katika mwaka 77 Hijria (696 hadi 697) akafanya mageuzi makubwa: sura zote zikaondolewa, dinari ikabaki maandishi matupu. Juu yake kukaandikwa shahada, maneno ya Suratul Ikhlas, na sehemu ya aya ya 33 ya Surat At-Tawba. Dirhamu zikafuata baada ya muda mfupi. Kuanzia hapo muuza mboga wa Basra na mchunga ngamia wa Najdi wote wakawa wanatembea na maneno ya Qur'ani viunoni mwao.

Msomaji anaweza kudhani kuwa wanazuoni walifurahi wote. Haikuwa hivyo. Imam Mawardi ametaja kuwa dirhamu alizozipiga Hajjaj ziliitwa makruha, yaani zilizochukiwa, na akaeleza kuwa watu wamehitilafiana juu ya sababu. Wapo waliosema ni kwa sababu zina Qur'ani, na atazichukua mwenye janaba na asiye na udhu. Wapo waliosema kuwa watu wa Ajemi ndio waliozichukia kwa upungufu wake. Muhammad bin Sirin, Tabii mashuhuri wa Basra, imepokewa kuwa alichukia kununua na kuuza kwa dirhamu hizo.

Lakini Imam Malik alipoulizwa kama maandishi hayo yabadilishwe, alitoa hoja ya historia: dirhamu hizo zilipigwa zama za Abdul-Malik watu wa elimu wakiwa wengi, na hawakuzikanusha. Pamoja na hayo, Malik huyo huyo alichukia sana Mwislamu kwenda kwa adui na kununua kwake kwa dinari zenye jina la Allah. Yaani hakuwadhikisha Waislamu wenyewe kwa wenyewe, wala hakuiacha heshima ya jina la Allah ipotee.

Karne nyingi baadaye Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), akalifunga suala hili katika madhehebu ya Shafi. Kauli iliyo sahihi zaidi, kwa mujibu wa Minhaj, ni kuwa asiye na udhu anaruhusika kuchukua dinari zenye Qur'ani. Illa yake ni mambo mawili: kwanza, dinari haikukusudiwa kuwa msahafu, imekusudiwa kuwa fedha, pili, haja ya watu ni ya kila wakati. Mwanafunzi na aishike vizuri illa hii, kwani ndiyo ufunguo wa maswali ya leo.

Tena sarafu hizo zilitubakishia faida nyingine. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, lakini dinari ya kisheria ina uzito gani? Wanazuoni wa zama za karibuni, akiwemo Sheikh Yusuf Al-Qaradawi katika kitabu chake cha Fiqhi ya Zaka, walirejea kwenye dinari za Abdul-Malik zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Uzito wake ni gramu 4.25. Zidisha kwa 20 utapata gramu 85, na ndiyo nisabu inayotangazwa misikitini kwetu leo. Sarafu iliyokaa katika himyan ya mtu wa Damascus ndiyo inayomhukumu mfanyabiashara wa Kariakoo au Marikiti.

SARAFU ZA PWANI YETU

Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki nao hawakuwa nyuma. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, zimechimbuliwa sarafu ndogo sana za fedha zenye majina ya Kiislamu, za karne za mwanzo za Uislamu katika Pwani hii. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha zilizopigwa na watawala wa huku huku, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nje.

Kilwa ndiyo iliyoendeleza jambo hili kwa muda mrefu zaidi, kwa sarafu za shaba. Upande mmoja kuliandikwa jina la Sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yakiwa na vina vinavyolingana na jina hilo. Maarufu kati yao ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 731 Hijria (1331) akiitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Ibn Battuta ameeleza kuwa Sultani huyu alipokuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa alisimamishwa na fakiri wa Kiyemeni aliyemwomba nguo alizovaa. Akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa zile alizokuwa nazo mwilini. Zimepatikana sarafu za shaba zenye jina lake, na hata dinari za dhahabu chache mno. Sarafu za Kilwa zilisafiri mbali: mwaka 1944 tano kati yake ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Baadaye mambo yakageuka. Katika karne ya 19 fedha iliyotembea Zanzibar, Yemen na Hijazi ilikuwa reale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ikiwa na tarehe ya 1780. Masheikh na masharifu wa Pwani waliipokea, waliitoa sadaka na kuilipa mahari. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipopiga pesa zake za shaba mwaka 1299 Hijria (1882), aliweka jina lake kwa Kiarabu na picha ya mizani, ambayo haina roho. Lakini rupia za Bara Hindi zenye sura ya Malkia Victoria ziliendelea kuwa vibindoni mwa watu.

Na hata leo hali haijabadilika sana. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, iliondoa picha za watu binafsi katika fedha. Sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Yaani picha ya mtu imetoka, picha ya mnyama imeingia, na zote ni za vyenye roho. Anayesema swala haiswihi kwa noti yenye picha, na aseme watu waswali vipi tangu zama za Masahaba!

MWIZI NA MWOKOTAJI

Sheria haikuishia kwenye heshima ya kilichoandikwa. Iliingia pia katika haki ya mwenye mfuko. Msingi ni hadithi ya Safwan bin Umayya (R.A.), aliyelala msikitini akiwa ameweka nguo yake chini ya kichwa, ikaibwa, na mwizi akapelekwa kwa Mtume (S.A.W.) akahukumiwa. Wanazuoni wakafahamu kuwa kitu kilichoambatana na mwili wa mtu kiko katika hirzi, yaani mahali pa hifadhi, hata kama hakuna mlango wala kufuli.

Kisha wakamjadili tarrar, mwizi anayekata mifuko sokoni. Mahanafi wakapambanua: akikata kifuko kilichoning'inia nje ya mkono wa kanzu hana haddi, na akiingiza mkono wake ndani ana haddi. Abu Yusuf akawakhalifu wenzake, akasema hukumu ni moja katika hali zote, kwani mali imehifadhiwa ama na kanzu ama na mwenyewe. Haddi ni kazi ya dola yenye mamlaka, si ya watu mitaani wanaompiga kijana hadi kufa kwa kuiba simu. Lakini tazama jinsi wanazuoni walivyopima hata upande wa ndani na wa nje wa kanzu kabla ya kumhukumu mtu.

Ama mwokotaji, Ubayy bin Kaab (R.A.) aliokota kifuko chenye dinari 100. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atangaze mwaka mzima, akarudi, akaamriwa tena. Na katika hadithi ya Zaid bin Khalid, yule yule wa mswaki, imekuja amri ya kukijua kifuko na kamba yake, kisha kutangaza. Kwa hiyo pochi iliyo na jina la mwenyewe ndani yake haihitaji hata utangazaji, inahitaji kurudishwa. Na simu ni wazi zaidi, kwani mwenyewe huipigia mwenyewe. Anayeizima na kuitoa laini amekwisha toka katika hukumu ya mwokotaji, ameingia katika hukumu ya mwenye kughusubu.

SIMU NA MFUKO WA LEO

Simu ya leo imekusanya yote tuliyoyataja. Ni muhuri, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha jina la mtu. Ni kitabu cha Abu Daud katika mkono wa kanzu. Na tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, ni himyan pia. Tukiitumia ile illa ya Imam Nawawi, jibu hupatikana bila taabu. Simu haikutengenezwa kuwa msahafu, na haja ya kuwa nayo ni ya kila saa. Kwa hiyo kuichukua bila udhu hakuna ubaya, na kuingia nayo chooni ikiwa imefungwa si haramu. Ama kuifungua Qur'ani humo ikaonekana au ikasikika, hilo ni kinyume cha adabu ambayo hata pete iligeuziwa kito chake kwa ajili yake.

Na fedha iliyomo ndani ya simu ni mali kamili. Huhesabiwa pamoja na iliyo benki na iliyo sandukuni, na ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka ina zaka. Wako watu wanaoogopa picha iliyo juu ya noti na hawaogopi haki ya maskini iliyo ndani yake. Huko ni kushika tawi na kuacha shina.

Tumalize kwa hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Jarir bin Abdillah (R.A.). Walikuja Madina watu wa Mudhar, miguu mitupu, wamejifunika mablanketi ya sufu. Uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika kwa kuiona shida yao. Akahutubia, akawahimiza watu watoe, mtu katika dinari yake, katika dirhamu yake, katika nguo yake, katika tende zake, hata kwa kipande cha tende. Akaja mtu wa Ansari na kifuko ambacho kiganja chake kilikaribia kushindwa kukibeba, bali kilishindwa. Watu wakamfuata, mpaka vikawepo vichuguu viwili vya chakula na nguo, na uso wa Mtume (S.A.W.) ukang'ara.

Sarafu zilizokuwa ndani ya kifuko kile, kwa zama zile, zilikuwa na sura za wafalme wa Kirumi na Kifursi. Hakuulizwa mtu yule juu ya sura hizo. Alisifiwa kwa kuufungua mfuko wake.

Wabillahi tawfiq.